Kushikiana Namba

Ujiji, 21 Novemba 1982

Mwanangu Aziza,

Leo ni Jumapili, tarehe 21 Novemba 1982. Tangu nilipotoka Kindu imepita miaka kumi na minane na siku tisa. Usicheke. Mtu aliyehesabu wapakizi kila asubuhi kwa miaka kumi na mitano hawezi kuacha kuhesabu kwa sababu tu amehama mji.

Barua yako imefika pamoja na mchele. Mchuuzi Hadidja aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, akanywa kahawa vikombe vitatu, akanilalamikia juu ya forodha ya Kalemie kana kwamba mimi ndiye niliyeijenga. Mchele niliupika siku hiyo hiyo. Majirani nimewaambia mara nyingi kwamba mchele wa Maniema ukiiva mtu huujua akiwa bado njiani. Hawakuniamini. Niliwapelekea sahani moja, na tangu hapo wananiuliza Hadidja anarudi lini.

Mwishoni kabisa, baada ya salamu za watoto, umeniuliza swali dogo: zamani, nilipokuwa karani wa namba pale bandarini, mtu akishika namba ya mwenzake ilikuwa kosa? Nakujibu. Kila mpakizi alikuwa na kibati cha shaba chenye namba. Asubuhi alikitundika kwenye msumari wa ubao wangu, nami niliandika namba ile kwenye orodha ya siku. Sikuandika jina. Kila mmoja alikuwa na siku moja ya mapumziko kwa juma, na siku hiyo aliipanga tajiri, haikufuata dini ya mtu. Basi Mwislamu akitaka kwenda msikitini Ijumaa, Mkristo aliyekuwa mapumziko alikuja na kibati cha mwenzake akafanya kazi mahali pake. Jumapili Mwislamu alilipa wema huo. Tuliita kushikiana namba. Kwenye karatasi lilikuwa kosa. Bandarini ilikuwa desturi.

Lakini wewe huniulizi mambo ya zamani bure. Tangu utoto jambo zito wewe hulificha chini ya jambo jepesi. Na katika barua nzima mumeo umemtaja mara moja tu, kwamba anasalimia. Abedi kila mara huandika mstari wake mwenyewe chini ya barua yako, kwa ule mwandiko wake wa kuku aliyekanyaga wino. Safari hii mstari huo haupo.

Kuna nini?

Baba yako mkubwa,
Bulaimu


Kindu, Mikelenge, 12 Desemba 1982

Baba Mukubwa wangu mupenzi,

Wewe na hesabu zako! Siku tisa! Hadidja anasema umekonda lakini ulimi bado munene, tukafurahi.

Sikutaka kukuambia, sababu unakunywa dawa ya moyo. Sasa umeniuliza na mimi sijui kukudanganya mara mbili.

Abedi hakuandika kwa sababu mukono wa kuume haiko tena. Jumapili, tarehe 3 ya mwezi wa kumi, saa tatu ya asubuhi, walikuwa wanasukuma mabehewa kwa mikono, mashine ilikosa mafuta. Behewa la nyuma halikuwa na breki. Lilikuja polepole, anasema, polepole kabisa, kama mutu anakuja kukusalimia. Mukono ulibaki kati ya vyuma viwili. Kule lopitali waliukata juu ya kifundo. Nilipofika aliniuliza kama shati lilipona. Shati! Nilicheka na kulia pamoja, dakitari akafikiri mimi njo mugonjwa.

Sasa sikia ubaya wenyewe. Namba ya Abedi ni 61, na siku ile 61 ilikuwa mapumziko. Alishika 88, namba ya Rigobert, ule Mukasai anaimba sauti nene kanisani. Ijumaa Rigobert anamushikia yeye, Jumapili yeye anamushikia Rigobert, ni miaka saba sasa. Kampuni inasema hivi: kwenye orodha ya Jumapili 61 haiko, 88 iko, na mwenye 88 ni huyu hapa, muzima, mikono miwili. Kwa hiyo hakuna mutu aliyeumia kazini. Abedi alikuja bandarini kutembea tu, kama watu wanavyokuja kuangalia masua, ile meli ya mutoni, ikifika. Karani aliniambia mbele ya watu: "Mama, bwana yako alijiumiza yeye mwenyewe, alipwe na kampuni kwa nini?"

Wamekataa kuandika karatasi ya ajali. Bila karatasi hiyo hakuna rente ya kila mwezi, hakuna chochote, mupaka kufa kwake. Ana miaka thelathini na nne. Amejifunza kufunga vifungo kwa mukono wa kushoto, isipokuwa kile cha juu. Kile nafunga mimi, na anajifanya kwamba amenipa ruhusa.

Mutoto wako,
Aziza


Ujiji, 2 Januari 1983

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikatembea mpaka msikitini na kurudi, nikaisoma tena. Mwambie Abedi kwamba nimemlilia. Asifikiri ni aibu kwa mzee.

Sasa tufanye kazi. Kwanza, nenda hospitali uombe wakuoneshe daftari la wagonjwa walioingia siku ile: nani alimleta, kwa gari la nani. Kama alipelekwa na gari la kampuni, waulize tangu lini kampuni inabeba watembezi. Pili, jua ni msimamizi gani aliyeamuru mabehewa yasukumwe kwa mikono. Tatu, usirudi tena kwa karani yule. Karani hulinda orodha yake. Nami nililinda yangu. Nenda kwa inspekta wa kazi.

Sheria, nilivyoisoma siku zile, haikuuliza mtu alishika namba gani. Iliuliza alikuwa akimfanyia nani kazi. Jambo la kuthibitisha ni moja tu: kwamba kampuni iliijua desturi ya kushikiana namba na ikaiacha iendelee kwa faida yake.

Na hapa lazima nikuambie jambo ambalo sikulisema katika barua ya kwanza. Desturi hiyo niliianzisha mimi. Mwaka 1956 kulikuwa na fujo kila Ijumaa. Waislamu walitoroka, mabehewa yakachelewa, wakakatwa mshahara. Nilikwenda kwa Mbelgiji aliyekuwa mkubwa wetu nikamweleza mpango wangu. Hakuinua hata macho. Alisema: "Bulaimu, mimi nataka watu arobaini. Sura zao ni shauri lako." Nilitoka nimejiona mwerevu sana. Wapakizi walinichinjia kuku.

Kwa hiyo mkono wa Abedi una njia inayofika mpaka kwangu, na nimeitembea njia hiyo juma zima hili.

Ni nani mkubwa wa bandari sasa?

Bulaimu


Kindu, 30 Januari 1983

Baba Mukubwa,

Usitembee njia yoyote, kaa chini. Kama si wewe, Abedi asingeswali Ijumaa hata moja, na Rigobert asingeimba. Abedi mwenyewe amesema: "Mwambie Muzee, wago njo ilikosa breki, yeye hakukosa."

Nilifanya ulivyosema. Daftari la lopitali linasema aliletwa na kamyo ya kampuni, na msimamizi mwenyewe alimushika njiani asianguke. Nikaenda kwa inspekta. Ni kijana, anavaa miwani mikubwa kuliko uso, lakini anasikiliza. Akaita watu wa kampuni. Alikuja direkta mwenyewe, na abakosi yake ya kijani, lile koti la wakubwa. Nilikuwa na Ndaya, bibi ya Rigobert.

Inspekta aliuliza: "Sitwayen Direkta, hii desturi ya kushikiana namba, kampuni inaijua?"

Direkta: "Siijui."

"Hujawahi kuisikia?"

"Naisikia leo."

Ndaya nyuma yangu alianza kukohoa. Alikohoa mupaka inspekta akamupa maji. Tulipotoka nikamuuliza, dada, ni kifua? Akaniambia: "Kifua gani! Jumapili ile Godefroid alikaa kiti cha mbele kanisani. Rigobert wangu aliimba nusu mita kutoka sikio lake. Alijua namba ya Rigobert iko bandarini, na Rigobert iko kanisani. Naisikia leo! Mungu alisikia siku ile."

Godefroid njo jina la zamani la direkta, mbele ya serikali kubadilisha majina ya watu. Watu wakubwa wanasema wewe njo ulimufundisha kazi. Kweli?

Rigobert anataka kusema, lakini akisema alikuwa kanisani, anafukuzwa, na ana watoto sita. Anakuja kila jioni, anakaa na Abedi mupaka usiku. Juzi Abedi alimuambia: "Rigobert, kama umekuja kulia, lia, kama umekuja kula, sogea." Akasogea.

Inspekta amesema hivi: niletee mutu mumoja aliyeongoza orodha ile zamani, aandike kwamba kampuni ilijua, saini yake ipigwe muhuri. Ametupa mupaka mwisho wa mwezi wa tano. Baba Mukubwa, mutu huyo ni wewe! Nilitaka kuruka pale pale ofisini. Konsila wa inchi yetu iko Kigoma, karibu yako. Andika, wapige muhuri, Hadidja atachukua.

Aziza wako


Ujiji, 20 Februari 1983

Mwanangu Aziza,

Nimepata barua yako. Nimekuwa na homa, na mkono hautulii. Konsila wa Kigoma hakai ofisini, watu huenda na kurudi.

Nimefikiri pia kwamba mtu wa miaka sitini na sita, aliyeondoka zamani hivyo, kumbukumbu yake inaweza kukataliwa. Mtafuteni mwingine wa siku zile. Louis aliyekuwa akiandika mizigo ya masua, kama yupo.

Natuma sabuni vipande sita na kofia ya Abedi.

Bulaimu


Kindu, 13 Machi 1983

Baba Mukubwa,

Kofia inamukaa vizuri Abedi, asante. Sabuni nimeificha, la sivyo majirani watakuwa wasafi kuliko sisi.

Sasa niruhusu kuwa na hasira kidogo, hasira ya mutoto wa nyumbani.

Kumbukumbu yako? Wewe uliyehesabu mupaka siku tisa? Umenikumbusha mwaka jana rangi ya gauni niliyovaa siku ya kwanza ya kwenda shule, mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau. Louis alikufa mwaka wa sabini na tano. Wengine wa zamani, nusu wako makaburini, nusu wanakula mukate wa kampuni. Umebaki wewe.

Nimeanza kukaanga mikate asubuhi na kuuza mbele ya nyumba. Abedi anapepea moto kwa mukono wa kushoto. Jana mutu alinunua, akamuuliza: "Wewe huna kazi?" Akajibu: "Kazi yangu ni kumuangalia huyu mwanamuke asichome mikate." Mutu akaenda, Abedi akaingia ndani, hakutoka mupaka magaribi.

Anasema nisikusukume. Anasema: "Muzee iko na sababu, na ya kwake si ndogo." Mimi sitakusukuma. Nakuuliza tu. Kama iko sababu, niambie niibebe na wewe. Usinitumie sabuni mahali pa sababu.

Mutoto wako siku zote,
Aziza


Kindu, 14 Machi 1983

Mwalimu wangu Bulaimu,

Kwenye karatasi nina jina lingine, lakini wewe uliniita Godefroid, na kwako nitabaki hivyo. Barua hii nimempa Hadidja. Anabeba na ya Aziza katika mfuko mmoja, wala Aziza hajui.

Nimesikia kwamba inspekta anangoja maandishi yako. Sikuombi useme uwongo. Nakuomba unyamaze.

Wenye kampuni wako Kinshasa. Wao hawajui msikiti wala kanisa la Kindu, wanajua idadi ya mabehewa. Likiandikwa kwamba kampuni ilijua, watauliza kampuni ni nani, na jibu litakuwa mimi. Nina miaka arobaini na moja. Nimepanda kutoka kwenye ubao wako wa misumari mpaka hapa nilipo, peke yangu, bila ndugu wa kunisukuma.

Abedi sitamwacha. Nitamweka mlinzi wa ghala. Atakaa kwenye kiti, atakuwa na koti. Nakupa ahadi yangu.

Mwalimu, tangu 1964 sijawahi kukukumbusha jambo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wanajeshi walikuwa wakitafuta waasi mtaa kwa mtaa, na ndevu zako na kofia yako vilitosha kuwa kosa. Siku nne ulikaa nyuma ya magunia ya mchele, nami nilikaa juu yake nikiimba ovyo ili wasisikie kikohozi chako. Siku ya tano uliingia behewani, na mbele ya askari nikaandika kwenye orodha kwamba behewa lile ni tupu. Kalamu haikutetemeka. Ulikuwa umenifundisha isitetemeke.

Sikukudai kitu. Leo naomba.

Godefroid


Ujiji, 10 Aprili 1983

Godefroid mpenzi wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila neno ndani yake ni kweli, isipokuwa moja: hukuwa ukiimba ovyo. Uliimba nyimbo za kanisani kwa Kilatini, kwa sauti mbaya sana, na askari mmoja alikuomba unyamaze. Wewe ulimjibu kwamba mtu aliye karibu na Mungu hanyamazishwi. Nilicheka nyuma ya magunia, nami nikiwa karibu kufa.

Kwa sababu yako nilioa tena nikiwa na miaka arobaini na tisa, nikazaa watoto wawili, nikamzika mke aliyenipenda. Hayo yote yamo katika neno lile uliloandika mbele ya askari. Sina kitu cha kulingana nalo. Kwa majuma saba nimekuwa nikimdanganya Aziza kuhusu homa kwa sababu hiyo.

Lakini fikiri pamoja nami, kama tulivyofikiri zamani juu ya orodha isiyolingana. Kiti cha mlinzi unampa wewe. Siku utakapohamishwa, au utakapokufa, atakayekufuata atamtazama mtu mwenye mkono mmoja na kuuliza huyu ni wa nini. Rente haimtegemei mtu mwema. Itamfuata Abedi hata mimi na wewe tukiwa udongo. Ukiniomba maisha yangu nitakupa, ni yako. Ya Abedi si yangu wala si yako.

Basi naandika. Jina lako sitaliweka. Nitasema kwamba mpango niliuanzisha mimi mwaka 1956, kwamba mkubwa wa wakati ule aliukubali, na kwamba nilimfundisha kila karani aliyekuja baada yangu. Wakikuuliza, utajibu mwenyewe. Ukijibu kwamba hunijui, sitakanusha wala sitaandika tena.

Nakutumia barua hii kabla sijakwenda Kigoma, ili usiambiwe na mwingine.

Nisamehe kama waweza. Na kama huwezi, bado nitakuombea kila Ijumaa, kama nilivyofanya tangu siku ile.

Mwalimu wako,
Bulaimu


Ujiji, 13 Aprili 1983

Aziza mwanangu,

Sikuwa na homa.

Ndani ya bahasha ndogo mna maandishi yangu, kurasa mbili, yenye muhuri wa konsila kwenye kila ukurasa. Usiifungue, mpe inspekta mkononi.

Sababu uliyoniuliza ni hii: Godefroid ndiye aliyenificha siku nne na kunipakia behewani mwaka 1964. Hata marehemu baba yako hakulijua jambo hilo. Niliahidi kutolisema, maana wakati ule lingemuua. Sasa umelibeba pamoja nami, kama ulivyotaka, na ni zito. Usimtukane mtu huyo mbele ya watoto. Ndaya naye apunguze kukohoa.

Bulaimu


Kindu, 29 Mei 1983

Baba Mukubwa, Baba Mukubwa, Baba Mukubwa,

Kaa chini, kunywa dawa yako, halafu soma.

Tuliitwa Jumatano, tarehe 4 ya mwezi huu. Ofisi ilijaa, watu wengine walisimama dirishani. Kampuni ilileta mutu kutoka Kinshasa, anasema Kifaransa tu, na kitambaa cha kupangusa jasho. Inspekta alifungua bahasha, akasoma maneno yako kwa sauti, kwa Kiswahili kwanza. Uliposema juu ya kuku waliyekuchinjia, wazee wa dirishani wakasema, "Njo yeye! Njo Bulaimu!" Mutu wa Kinshasa akapiga meza: "Muzee wa Tanzania, ameondoka zamani, nani hapa anamujua?"

Wazee wa dirishani wakaangalia chini. Mimi nilisimama, inspekta akanionesha nikae, mimi ni ndugu. Halafu akamugeukia direkta.

"Sitwayen Direkta, unamujua?"

Baba Mukubwa, alivuta karatasi karibu yake. Alikuwa anatazama ile saini yako. Nilijua sasa kile nilichokijua, na sikuweza kumuangalia.

Akasema: "Namujua. Yeye njo alinifundisha kuandika namba."

"Na hii desturi?"

"Alinifundisha siku ileile."

Mutu wa Kinshasa alimushika mukono, alitaka anyamaze. Godefroid akautoa mukono wake taratibu. Inspekta akauliza tena: "Jumapili ya tarehe tatu ulikuwa wapi?"

"Kanisani."

"Na mwenye namba 88?"

"Kanisani. Kwenye kwaya. Sauti nene."

Hapo Rigobert alisimama, hakuitwa na mutu. Akasema: "Ni kweli, nilikuwa kule. Abedi alikuwa kwenye mahali yangu. Ule mukono ungekuwa wangu." Abedi akamuvuta kwenye kiti, akamuambia kwa nguvu, kila mutu akasikia: "Kaa, murefu wewe, unaziba hewa."

Inspekta ameandika: ajali ya kazi. Kampuni imetakiwa kusaini karatasi, na imesaini. Abedi atapata rente mupaka mwisho wa maisha yake. Rigobert hakufukuzwa, sababu imeandikwa kwamba desturi ni ya kampuni, haikuwa wizi wa mutu mumoja. Usiku ule... hapana, sikuambii, nililia tu.

Sasa jambo lingine. Godefroid si direkta tena. Wiki haikuisha, barua ikatoka Kinshasa. Wamemupeleka Kailo, kuangalia ghala ndogo ya mupunga. Mbele ya kuondoka alikuja kwetu. Bila abakosi, na shati tu. Abedi akamukaribisha, nikapika sombe na samaki. Walikula sahani moja. Hawakuomba musamaha wala kutoa, walizungumza juu ya breki za mabehewa. Mulangoni akaniambia: "Mwambie Mwalimu sikumuchukia. Nilimuchukia siku mbili, ya tatu nikachoka. Mwambie hakuna tena mutu anamutafuta Kindu. Njia iko wazi. Akija, apite Kailo, tule."

Na sasa yetu. Abedi na Rigobert wamejenga chumba upande wa barabara, mikono mitatu, ndiyo maana ukuta mumoja umeinama kidogo. Iko na dirisha kubwa na kitanda kipya. Ni chako. Watoto wanagombana nani atakuletea maji ya kutawadha. Umekaa ugenini ya kutosha, Baba Mukubwa. Unakuja lini? Sema siku, tutakuwa kwenye gare ya treni wote.

Aziza wako, na wote


Ujiji, 26 Juni 1983

Aziza, mwanangu,

Nimesoma barua yako kwa sauti, peke yangu, mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, kuna aliyepata haki yake. Akaketi, nikamsomea pia.

Kwa Godefroid nimeandika barua ya peke yake, nimeipeleka Kailo. Yaliyomo ni yetu wawili.

Juu ya chumba. Kwa miaka kumi na minane kila aliyeniuliza kwa nini sirudi nilimjibu kwamba njia haijafunguka. Lilikuwa jibu zuri. Halikuhitaji jingine nyuma yake. Sasa umeniandikia kwamba njia iko wazi, nami nimekaa siku kumi nikitafuta furaha niliyotarajia. Niliipata, lakini yote ilikuwa yenu: ya Abedi, yako, ya Rigobert kubaki kazini. Ya safari sikuiona. Nilichukua karatasi nikaandika majina ya watu ambao ningewatafuta siku ya kwanza. Yalifika kumi na manne. Kwa barua zako za miaka hii yote, walio hai ni wewe na Godefroid. Hapa, kwa upande mwingine, kuna kaburi la mke wangu Mwanahamisi ninalolipalilia kila mwezi, kuna binti yangu mwenye mimba ya kwanza, na kuna watoto kumi na wanane wanaokuja kusoma barazani kwangu, ambao kumi kati yao tayari wananizidi kwa kasi ya kusoma. Sikuchagua mahali hapa. Lakini hapa ndipo maisha niliyopewa yalipotumika.

Usidhani ninaikimbia aibu. Kumsaliti Godefroid kuliniuma, na kutaendelea kuniuma, na ningefanya tena.

Rente ya Abedi ni haki yake, lakini mtu wa miaka thelathini na mitano hakai akipepea mikate ya mkewe mpaka kufa. Chumba chenye dirisha kubwa la barabarani, karibu na njia ya bandari, ni duka. Aweke chumvi, sabuni, mafuta ya taa, nyembe. Hadidja yuko tayari kumletea bidhaa kutoka Kalemie. Nimekwisha kuongea naye, amekunywa kahawa vikombe vinne kwa ajili hiyo. Kitanda mpe Rigobert, kwa watoto wake sita. Ukuta ulioinama uacheni ulivyo.

Fanyeni hivyo mwezi huu, msikihifadhi chumba kwa ajili yangu, na msiende gare. Nawapenda, nami nitaandika kila Hadidja anapopita. Kindu sitarudi.

Baba yako mkubwa,
Bulaimu